Domo la bata la babu limeandikwa 1914, ni la mwaka huo kweli?

Mjukuu wa Ujiji:
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Niko Kigoma, Mwanga. Babu mzaa baba alikuwa anapuliza domo la bata kwenye bendi kule Tabora miaka ya sitini, akarudi nalo Ujiji likakaa juu ya kabati mpaka juzi tulipokuwa tunapanga vitu baada ya arobaini yake. Ni saksafoni alto, imekuwa nyeusi ila ukisugua na kidole unaona weupe wa fedha. Nyuma, karibu na pale dole gumba linapokaa, pamegongwa PATD DEC. 8, 1914 na 1119954, chini yake A, halafu namba inaanzia 214 ina tarakimu sita, halafu L. Kwenye domo, ule mdomo mpana wa mbele, imeandikwa C.G. CONN LTD ELKHART IND. na kuchorwa maua.

Baba mkubwa anasema ililetwa na Mjerumani, maana reli ilifika Kigoma 1914 na chombo kimeandikwa 1914, mzee anaamini kabisa. Halafu kuna jamaa katoka Dar anatoa laki mbili na nusu, anasema haina ile picha ya mwanamke inayochorwa kwenye baadhi ya saksafoni za Conn kwa hiyo ni chuma chakavu tu. Naombeni mnisaidie, ni ya lini hii?

FundiShaba Tabora:
Pole sana na msiba, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujauza.

Hiyo Desemba 8, 1914 ni siku patenti, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ilipotolewa kule Marekani, siyo siku chombo kilipotengenezwa. Patenti inahusu yale matundu yanayofunikwa na pedi, mwanzoni kila tundu lilikuwa na kipete chake kinaunganishwa kwa lehemu, hii ikawa namna ya kuyavuta kutoka kwenye shaba ya bomba lenyewe. Conn wakaendelea kugonga tarehe ile ile miaka na miaka. Na 1119954 ni namba ya hiyo patenti, ukiitafuta kwenye orodha za kiwanda utapotea. Watu wengi sana wanakosea hapo, hata mimi wa kwanza niliyoletewa nilimwambia mwenyewe ni ya 1914, mpaka leo naumia nikikumbuka. Halafu Desemba ile Mjerumani alikuwa vitani tangu Agosti, kuletewa saksafoni ya Elkhart, Indiana, ingekuwa ngumu.

Namba yako ni hiyo ya 214 elfu. Kwenye orodha za saksafoni za Conn inaangukia 1928. Herufi A ni alto, tenor ambayo ni saksafoni kubwa zaidi wangegonga T. L ni tyuni ya chini, noti ya A ikiwa mitetemo 440 kwa sekunde, hii hii tunayotumia leo. Ungekuta H ingekuwa habari nyingine, hiyo iko juu kwenye 457 na haipatani na gitaa wala kinanda, na saksafoni huwezi kuishusha kwa kuvuta mausipisi, kile kipande cha mdomoni, kwa sababu matundu yenyewe yamepangwa kwa tyuni ile, ukirekebisha noti moja nyingine zinakimbia.

Sasa namba peke yake isikutoshe, angalia na mwili unasemaje. Fungua batani moja kubwa ya chini, pitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu. Kama umekunjwa kwa nje kama mdomo wa sufuria ndiyo Conn ya zama hizo, waliacha kukunja hivyo mwaka 1947 hivi. Angalia na shingo, pale kwenye koki mausipisi inapochomekwa, kama kuna kipete kinachozunguka cha kurekebisha tyuni. Kimekwama usikilazimishe.

Picha ya mwanamke wameanza kuichora miaka ya thelathini. Ya 1928 kuwa na maua ni sawa kabisa, inakubaliana na namba. Huyo jamaa ama hajui au anajua sana.

Mama wa Kwaya:
Fundi na mimi nisaidie basi. Kanisani kwetu tuna yufoniamu, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, imeandikwa Boosey & Co, 295 Regent Street, London. Haijawahi kukubaliana na kinanda hata siku moja, kila mpulizaji anaambiwa hajui. Namba hatuna tena, tulimpa fundi mmoja atoe mbonyeo akaisugua kwa mashine mpaka namba ikafutika na maua yakabaki kivuli, iling'aa kweli lakini nililia.

FundiShaba Tabora:
Mama pole, hiyo inauma. Ila anwani bado inaongea. Boosey na Hawkes waliungana 1930 wakawa Boosey & Hawkes, kwa hiyo yako yenye Boosey & Co peke yake ni ya kabla ya hapo. Ukiona mabomba madogo ya ziada nyuma ya valvu, ule ni mfumo wa kurekebisha tyuni wa David Blaikley wa Boosey, wa mwaka 1874.

Na wapulizaji wenu hawana kosa. Bendi za shaba za Uingereza zilishikilia tyuni ya juu, A kama 452, mpaka miaka ya sitini. Ni karibu nusu ya ile hatua ya kutoka batani nyeupe ya kinanda kwenda nyeusi ya jirani. Yufoniamu afadhali kuliko saksafoni, vuta bomba kuu la tyuni kisha vuta kidogo na la kila valvu, ikigoma mchonga mabomba anaweza kurefusha.

Kipara wa Bangwe:
Mi naangaliaga jina la nchi tu. Tenor yangu ni Weltklang imegongwa German Democratic Republic, nchi yenyewe ilikuwepo 1949 mpaka 1990, basi huwezi kupigwa. Saksafoni ya Amati ikisema Czechoslovakia ni kabla ya 1993. Ila kaka laki mbili na nusu hapana aisee.

Mjukuu wa Ujiji:
Wakuu nimerudi. Ukingo umekunjwa, ukucha unanasa kabisa kama sufuria. Kipete kipo shingoni ila kimekwama sijakigusa. Nimemwita jirani anayepuliza, akashika vidole vitatu vya kushoto na cha kati cha kulia, anasema hiyo ni noti ya F kali (F#) ya alto na kwenye kinanda inatakiwa iwe A. Imetoka na mikwaruzo lakini ikakaa pale pale. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, akauliza sasa babu yenu aliipata ikiwa na miaka mingapi, nikamwambia kama thelathini na tano hivi, akakaa chini. Jamaa wa Dar nimemwambia haiuzwi. Nianze na brasso au pedi?

FundiShaba Tabora:
Brasso hapana! Fedha ya juu ni nyembamba, utaila na maua yote. Kitambaa laini kikavu tu. Pedi zote zitakuwa zimekakamaa, hizo tutabadilisha. Na babu yako kama alipuliza huku miaka ile basi wazee wa bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids watamkumbuka, nitawauliza waliobaki. Ukipanda treni funga shingo peke yake kwenye kanga uiweke kwenye begi la mkononi, isisafiri ndani ya domo, kipete kikipinda humo hakuna wa kukinyoosha.