Mtoto ana aleji ya korosho na msimu umeanza: nipangeje dawa, jiko na walezi?

Mama_Chikongola: Habari za humu ndani. Mtoto ana miaka 4, kilo 15, daktari kathibitisha aleji ya korosho. Karanga anakula bila shida. Msimu huu kila nyumba hapa Mtwara ina korosho. Adrenalini (sindano ya dharura) na setrizini (dawa ya kutuliza muwasho) tumepewa, ila dozi imeandikwa huku, namba za simu kule, na bibi yake na dada wa kazi kila mmoja anajua lake. Naomba mpangilio ambao yeyote atakayebaki na mtoto hatabahatisha.

Nesi_Kusini: Pole dada. Tafuta kopo moja lenye mfuniko, lisilopitisha mwanga, na alipo mtoto nalo liwepo. Ndani: ampuli (vichupa vya dawa) 2 za adrenalini (mg 1 kwa ml 1), sirinji 2 za ml 1 na sindano zake, setrizini, na karatasi moja tu ya maelezo. Dozi ya adrenalini ni mg 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo kwake ni ml 0.15. Kipimo hicho hukipati kwenye sirinji ya ml 5, ndiyo maana nasisitiza ya ml 1. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Nendeni wote watatu kituoni mkafundishwe kuvuta na kuchoma kwa mikono yenu. Uzito ukiongezeka, muulize daktari dozi mpya na karatasi ya zamani uichane.

Karatasi iseme hivi kwa herufi kubwa: mabaka au muwasho peke yake, setrizini kama daktari alivyoandika, na usimwondolee macho. Akibanwa pumzi, akikohoa mfululizo, sauti ikikwaruza, akilegea, au mabaka yakiambatana na kutapika, ADRENALINI KWANZA, simu baadaye. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanampa Piriton wakasubiri. Piriton na setrizini zinatuliza muwasho, hazifungui njia ya hewa.

Alazwe chali, miguu juu. Akihema kwa shida akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Dakika 5 bila nafuu, sindano ya pili. Hospitali mnakwenda hata akichangamka, maana hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo andika namba za bajaji au gari. Kwenye bodaboda hawezi kulala.

Na joto letu hili: kopo lisikae dirishani wala kwenye gari lililoegeshwa juani, na lisigandishwe. Dawa ikibadilika rangi, tupa.

Jiko_Mikindani: Sufuria na sahani za bati zikioshwa kwa sabuni na maji ya moto zinatosha. Hatari ni kinu, mchi, mwiko wa mbao na ungo, kwa sababu chembe zinajificha kwenye nyufa. Mtoto awe na vyake, vipakwe alama ya rangi. Kukaanga au kuchoma hakuui aleji, na mafuta yaliyokaangiwa korosho yasikaangie chakula chake. Unga wa lishe wa dukani usiojua kilichochanganywa, achana nao. Hata nafaka zako mwenyewe, ukizipeleka mashine iliyotoka kusaga mchanganyiko wenye korosho, unga wa mwanzo unatoka na mabaki ya mtu mwingine. Saga kwa blenda yako nyumbani. Anayebangua anawe kwa maji na sabuni kabla ya kumshika mtoto. Sanitaiza haiondoi chembe.

Mwl_Newala: Mwalimu apewe nakala ya karatasi ile ile, asielezwe kwa mdomo tu. Acha shuleni kikopo cha vitafunwa vyake, ili siku mwenzake akileta kashata naye awe na cha kula. Mabibo asiokote, korosho inaning'inia hapo hapo. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi ya mtu yeyote, hiyo si aleji yake. Kwenye daftari la matukio iandikwe mbali. Daftari liwe na tarehe, alichokula, dakika hadi dalili, dalili zenyewe, dawa na saa. Pistachio pia aepuke, ina undugu wa karibu na korosho. Karanga ni jamii ya kunde. Kama daktari hajazikataza, usimnyime.

Mama_Chikongola: Nashukuru sana. Kinu cha zamani nikikisugua kwa mchanga na maji ya moto, je?

Jiko_Mikindani: Hapana dada, mchanga unasugua juu tu. Hicho kibaki kuwa cha korosho, chake nunua kipya.