Mafundi wa boda Malindi, nani kawaambia sproketi ya meno 13 mbele ndiyo dawa ya kila pikipiki?

Jamani, hili limetufika kooni. Nasema sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye tairi. Peleka pikipiki gereji useme nzito, haichomoki: "Toa 14, weka 13." Aje mwingine wa safari za Mombasa aseme injini inalia sana barabara kuu: "Weka 16, utateleza." Hakuna anayehesabu meno ya nyuma. Hakuna anayeuliza unabeba nini, wala anayepima cheni. Pesa inalipwa, na mwezi haujaisha pikipiki imerudi, cheni inapiga kelele kama kopo lenye kokoto.

Na hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. 42 kwa 14 ni 3.00. Weka 13 mbele, unapata 3.23: msukumo kwenye tairi unapanda karibu asilimia 8, na hapo ndipo ile raha ya kuchomoka inapotoka. Lakini kama injini ilikuwa inazunguka mara 6,500 kwa dakika ukiwa 80, sasa inazunguka 7,000 kwa spidi ile ile. Fikiria hiyo kuanzia Gede hadi Mtwapa. Weka 15, unapata 2.80, na mizunguko inashuka hadi kama 6,070. Jino moja tu la mbele ni sawa na matatu ya nyuma! Halafu fundi anayabadilisha kama anabadilisha balbu.

Sproketi haiongezi nguvu ya injini hata chembe. Unachopata kwenye kuondoka unakilipa kwenye mwendo mrefu, na kinyume chake. Anayekuuzia vyote viwili kwa sproketi moja ya mbele anakuuzia maneno.

Lile la "16 utateleza" ndilo linaloudhi zaidi, kwa sababu barabara yetu tambarare inaliunga mkono. Kweli, hatuna milima ya Kisii. Tuna upepo. Mwezi wa Juni kusi inavuma, unaelekea Mombasa na abiria na gunia, upepo wakupiga kifuani. Na 15 mbele gia ya tano inakufa mkononi, unashuka ya nne, na injini inalia kuliko ilivyokuwa na 14 kwenye ya tano. Mafuta yanakwenda, klachi inachoka. Ukirudi Malindi upepo uko mgongoni, pikipiki ile ile inakwenda kama jahazi, unamsifu fundi. Kaskazi ikiingia, shida inahamia upande wa Gongoni na Garsen. Na hiyo ni 15, achilia mbali 16.

Kabla ya kugusa meno, inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likisimama baada ya nusu mzunguko, breki inakamata, au cheni imekazwa kama uzi wa gambusi. Angalia upepo wa tairi, angalia kisafisha hewa kama hakijajaa vumbi la Ganda, jaribu klachi kama inateleza ukiwa gia ya juu na mzigo. Pikipiki "nzito" nyingi ugonjwa wake uko hapo, na 13 inauficha tu.

Sasa kwa anayetaka kweli kuondoka kwepesi na bado aende Kilifi bila masikio kuwasha. Ukianza na 14/42, yaani 14 mbele na 42 nyuma, badili kwa hatua ndogo. 15/44 ni 2.93: nafuu kidogo barabara kuu, na mjini hutahisi sana uzito. Mwenye mizigo ya madafu au mkaa abaki kwenye 3.00, ila ajue kuna 15/45, ambayo ni 3.00 vilevile, lakini cheni inapinda kwa upole zaidi kwenye meno mengi na inadumu. Kwa 13 ni kinyume: cheni inakunjwa kwa ukali, inalika haraka, na kwenye baadhi ya pikipiki inakwaruza swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. 16 nayo inaweza kugonga kifuniko cha upande. Basi funga, zungusha kwa mkono, tazama nafasi kabla ya kurudisha boliti zote. Dakika mbili tu! Na sproketi kubwa ya nyuma itazamwe kwenye kifuniko cha cheni pia. Hesabu meno ya pikipiki yako kwanza, si ya jirani, kwani zinatofautiana hata kwa rangi moja na cc moja, yaani ukubwa mmoja wa injini.

Cheni ya saizi 428 ina hatua, yaani umbali wa pini hadi pini, ya milimita 12.7. Kila jino unaloongeza, mbele au nyuma, linasogeza ekseli mbele karibu milimita 3. Kutoka 14/42 kwenda 15/45 umeongeza manne, kwa hivyo unahitaji pingili mbili zaidi, ya ndani na ya nje, na ekseli inabaki pale pale. Cheni haikatwi pingili moja moja. Fundi asiyejua hili anaisukuma ekseli mpaka mwisho wa nafasi yake, halafu anakuambia cheni imekuwa fupi "kwa sababu ya joto". Wallahi nimesikia.

Kosa kubwa kuliko yote ni sproketi mpya juu ya cheni kuukuu. Inyooshe cheni, pima pini 21 mfululizo, yaani hatua 20: ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, itupe. Ama, ikiwa bado imefungwa, ivute kwa nyuma pale kwenye sproketi ya nyuma. Ukiona nusu ya jino, imekwisha. Cheni iliyorefuka inapanda juu ya meno mapya na kuyachonga yawe kama mapezi ya papa. Seti inabadilishwa yote: mbele, nyuma, cheni. Muuzaji wa spea anayekukatia moja moja anakutafutia marudio.

Na klipu ya kiungo cha cheni! Upande uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda, upande ulio wazi unafuata nyuma. Ikigeuzwa, inang'oka, na cheni inayokatika kwa 80 inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Boliti mbili ndogo za sproketi ya mbele ni za spana 10. Ukizikaza kama nati ya ekseli zinakatika. Zile washa za kukunja za sproketi ya nyuma zikunjwe kweli, si kupigwa nyundo moja na kuachwa. Ulegevu wa cheni chini katikati uwe milimita 25 hadi 30, na upimwe pale inapokaza zaidi ukizungusha gurudumu. Alama za swingamu huwa zinadanganya, kwa hivyo chungulia kwa jicho moja kutoka nyuma, mstari unyooke.

Kwa aliyeuliza kama mita ya spidi itadanganya ukibadili meno: kama waya unatoka gurudumu la mbele, haibadiliki. Kama inasoma kutoka gia boksi, itadanganya.

Kwa wa Marereni wanaosema cheni haifiki miezi mitatu: hapo ni chumvi na mchanga. Acheni kupaka oili chafu ya injini. Inarukia tairi, na mchanga unaganda juu yake ukageuka msasa. Oili ya gia namba 90, kidogo, jioni cheni ikiwa bado moto, halafu futa ya juu kwa kitambaa.

Na wewe fundi uliyeandika hapo chini kwamba "13 haijawahi kuua mtu", weka hapa idadi ya meno ya nyuma uliyofunga wiki hii.