Naomba ushauri: domino anawatesa wenzake kwenye tangi la maji chumvi

Wakuu, habari zenu. Nina tangi la maji chumvi la lita 200 hapa nyumbani, Mombasa. Ndani yumo domino, yule samaki mweusi wa madoa matatu meupe, moja kwenye paji na moja kila ubavu. Alipokuwa mdogo kama kifungo cha shati alikuwa mpole kabisa. Sasa ameota mabega: pango la kulia lote ni lake, na nikiingiza mkono kusafisha kioo ananidonoa vidole.

Hilo navumilia. Shida ni klaunifishi wawili wadogo niliowaongeza juzi. Anawakimbiza mpaka wamejibana kona ya juu karibu na pampu, mmoja mkia umechanika, na chakula hawakifikii. Domino hufika hadi sentimita 14, kwa hiyo kungoja atulie naona ni ndoto.

Nasikia unaweza kumtoa, ukapangua mawe yote, ukamrudisha baada ya wiki moja akute mipaka yake imepotea. Aliyejaribu, ilidumu? Na kumnasa bila kubomoa matumbawe mnatumia nini, chupa iliyokatwa shingo au ndoana ndogo isiyo na chembe, kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke? Dukani hawamtaki. Kumwachia baharini sitaki, asije akapeleka magonjwa.