Naomba ushauri: watazamaji wametushambulia kwa jibu moja la kipindi chetu kipya cha mafumbo ya maneno

Mtunga Mafumbo (mtoa mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni mmoja wa watu watatu wanaotunga mafumbo ya kipindi kipya cha televisheni ambacho, kwa sababu za kikazi, sitakitaja jina. Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, ubao huwa na vigae vilivyofunikwa, mshiriki hupewa dokezo, kisha hutaja herufi moja baada ya nyingine, na herufi aliyoitaja ikiwa imo hufunuliwa kila inapotokea. Anayelitambua neno au fungu la maneno kabla ya mpinzani wake ndiye anayezoa alama. Tumekwisha kurusha vipindi vitano, na vingine vitatu viko tayari, kwa kuwa vipindi vya aina hii hurekodiwa kadhaa kwa siku moja na lawama za watazamaji hutufikia maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Maoni tunayoyapokea yanakinzana. Wapo wanaosema mafumbo yetu ni ya watoto wa chekechea, na wapo wengine, tena chini ya picha ileile, wanaosema tunafukua maneno kamusini ambayo hata bibi zao hawakuyatumia. Wapo wanaolalamika kwamba mwendesha kipindi anazungumza kuliko washiriki. Wachache wanadai washindi wamepangwa. Hayo yote nilikuwa nikiyasoma kwa utulivu mpaka kiliporushwa kipindi cha nne.

Katika duru ya mwisho ya kipindi hicho ubao ulikuwa na vigae sita na dokezo lilikuwa "Sehemu". Herufi A, H, L na I zilikwisha kufunuliwa, kikabaki kigae cha kwanza tu: _AHALI. Mshiriki aliyekuwa akiongoza akabonyeza kitufe na kusema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka hata chembe, "Pahali!" Kengele ya kukosea ikalia. Aliugeukia ubao, akaufungua mdomo, akaufunga. Mpinzani wake akasema "Mahali", akapewa alama na ushindi. Fumbo hilo nililitunga mimi. Kwenye karatasi yangu lilikuwa na jibu moja, na sikuwahi hata mara moja kulitazama kwa jicho la mtu ambaye tangu utotoni amekuwa akisema pahali.

Tangu siku hiyo hakuna anayezungumzia jambo lingine. Wakubwa zangu kazini wamegawanyika: upande mmoja unataka tukae kimya, kwa kuwa kanuni zinasema jibu ni lile lililoko ubaoni, upande wa pili unataka tupunguze ugumu wa mafumbo yote na kumbadilisha mwendesha kipindi, ili watazamaji waone kwamba tumewasikia. Ninaomba ushauri wenu kuhusu maoni gani yafanyiwe kazi, yapi yaachwe yapite, na yule mshiriki atendewe nini. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Zamani

Ndugu mtoa mada, nilikitazama kipindi hicho na nilisimama kwenye kiti, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi siku hizi. Pahali si kosa. Upatanisho wa neno hilo wenyewe ni wa PA (mahali pazuri, mahali pengine), kwa hiyo mtu anayesema pahali hajapotoka; ametamka umbo linalokubalika kikamilifu. Kanuni ya kwamba jibu ni lile lililoko ubaoni ni nzuri pale ambapo ubao unampa mshiriki njia ya kuamua. Ubao wenu haukumpa njia yoyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitaja M wala P, na dokezo liliyafaa maneno yote mawili sawasawa. Mlimtaka abahatishe, kisha mkamwadhibu kwa kubahatisha vibaya.

Dawa yake haikuwa ngumu. Kama fumbo lingekuwa MAHALI PA KUPUMZIKA, mtu akishaifunua P ataiona ikikaa kwenye neno la pili na la tatu huku kigae cha kwanza kikibaki kimefunikwa, na hapo pahali hujiondoa penyewe. Fumbo zuri hujilinda lenyewe bila kumtegemea mwamuzi.

Nikiwa bado hapa, niwakumbushe kipindi cha pili, ambacho watu wamekisahau kwa sababu hakikuzua kilio. Dokezo lilikuwa "Mtu wa familia" na ubao ulionyesha _A_A. Baba, mama, dada, kaka: wote wanne walikuwa wamesimama mlangoni na hakuna aliyekuwa na haki ya kuingia kuliko mwenzake. Siku ile mshiriki alitaja D ikakubali, kwa hiyo mlinusurika. Msidhani mlikuwa mmetunga vizuri.

Shabiki wa Vigae

Mkuu, mimi nadhani chanzo cha malalamiko ya "rahisi mno" na "ngumu mno" ni kimoja, nacho ni kwamba mmechukua ubao uliotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza mkamimina Kiswahili ndani yake bila kuupima upya.

Mchezo wa namna hii unaojulikana zaidi duniani ni Wheel of Fortune wa Marekani, ulioanza kurushwa Januari 1975, na aliyeubuni, Merv Griffin, aliutoa kwenye mchezo wa watoto wa kukisia herufi huku mtu wa kuchorwa akinyongwa kidogo kidogo. Kule irabu zinauzwa: mshiriki hulipa dola 250 kutoka kwenye alichokusanya ili aruhusiwe kutaja moja. Bei hiyo ina mantiki kwa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi huishia kwa konsonanti na irabu zake hazitabiriki. Kiswahili sivyo kilivyo. Maneno yetu huishia kwa irabu, na A inatawala kuliko herufi nyingine yoyote. Chukueni methali mliyoitumia kipindi cha kwanza, HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Ina herufi 23, na kati ya hizo 11 ni A. Mshiriki alitaja herufi moja tu, karibu nusu ya ubao ikawaka, na nyumba nzima ikajibu kabla hajavuta pumzi. Ndiyo maana watu wanasema ni mchezo wa chekechea.

Ninyi mkaona aibu, mkakimbilia upande wa pili, mkaanza kutafuta misamiati iliyolala. Hapo ndipo likaja lile kundi la bibi zao. Ugumu katika mchezo huu hautokani na neno kuwa geni. Unatokana na herufi zake kuchelewa kujitoa. MCHWA ni neno analolijua kila mtoto, lakini ukiifunua A, yote unayobaki nayo ni vigae vinne vilivyofunikwa na fikra nzito. Vivyo hivyo NCHI na MBWA. Tafuteni maneno ya kila siku yenye irabu chache, na mtazamaji atakapoliona jibu atajipiga paji la uso kwa kuwa alilijua tangu mwanzo. Mtazamaji akijipiga paji la uso, kesho atarudi, lakini akilazimika kufungua kamusi atabadilisha chaneli.

Mambo mengine mawili madogo. Ritifaa, yaani kile kialama cha ('), msiionyeshe bila kufikiri, kwa maana dokezo likiwa "Mnyama" na ubao ukaonyesha vigae viwili, ritifaa, kisha vigae vinne, NG'OMBE amekwisha kulia kabla herufi haijatajwa. Pia jihadharini na upatanisho wa ngeli: katika VITABU VIZURI VIMEPOTEA, V ikifunuliwa mwanzoni mwa maneno yote matatu, mtazamaji mzoefu amepata nusu ya sentensi kwa herufi moja.

Niliwahi Kushiriki

Sikushiriki katika kipindi hicho, bali katika kingine kinachofanana nacho, na nilitoka mikono mitupu, kwa hiyo hukumu yangu ipimwe kwa mizani hiyo. Ningependa mtoa mada asiwape uzito mkubwa wale wanaoandika kwamba wao wangejibu mapema. Nyumbani hakuna taa za studio wala saa inayokimbia mbele ya macho. Mimi nilitaja herufi S, nikaambiwa haimo, na zamu mbili baadaye nikaitaja S tena, na mke wangu amenihakikishia kwamba hata mtoto wetu mdogo aliuliza kwa nini baba anarudia. Mtu anayepiga kelele mbele ya televisheni kwamba jibu ni rahisi huyo amenaswa na mchezo. Aliyekatishwa tamaa hapigi kelele.

Kwa yule mshiriki nina maumivu ya kweli, kwa sababu kukosea nimekukubali, lakini kukosa kwa kusema jambo sahihi kungeninyima usingizi mpaka leo.

Mtazamaji wa Jioni

Mimi ni mtu wa maneno machache. Nilikaa na saa katika kipindi cha tatu: dakika sita zilipita kabla ya kigae cha kwanza kufunuliwa. Mwendesha kipindi ana ucheshi, sitaki afukuzwe. Mpeni muda mfupi tu.

Asiyeshawishika

Ninatofautiana na waliotangulia. Mkianza kuwaomba radhi watazamaji kwa neno moja, wiki ijayo mtaombwa radhi kwa maneno kumi. Mchezo ni kanuni, na kanuni zilijulikana. Na hao wanaosema washindi wamepangwa hawastahili hata jibu.

Mwalimu wa Zamani

Ndugu Asiyeshawishika, tuhuma ya kupanga washindi si ya kupuuzwa, kwa kuwa imewahi kuwa kweli. Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na mchezo wa maswali ulioitwa Twenty-One, ambao washiriki wake walipewa majibu mapema. Mshindi wao mashuhuri, Charles Van Doren, alikiri mbele ya kamati ya bunge mwezi Novemba 1959, na mwaka uliofuata sheria ikapitishwa kuharamisha udanganyifu wa namna hiyo. Watazamaji wanaouliza hawana wazimu. Jibu lenu liwe la vitendo: semeni hadharani nani anayaona mafumbo kabla ya kurekodi, na hakikisheni watu hao hawakai chumba kimoja na washiriki. Jambo la pahali likiachwa bila maelezo, ndilo litakalowapa kuni wanaotafuta moto.

Mtunga Mafumbo (mtoa mada)

Nawashukuru kwa michango hii, hata ile iliyonichoma. Naomba kuuliza jambo moja zaidi. Aliyeshinda siku ile amekwisha kukabidhiwa zawadi yake na hakufanya kosa lolote. Tukimrudisha yule wa pahali, hatutakuwa tumemtia doa mshindi? Na mwamuzi awe nani, ikiwa sisi watunzi ndio tuliokosea?

Shabiki wa Vigae

Mshindi abaki na chake. Hakuna aliyemwomba akirudishe. Aliyekosa haki arudishwe katika mchezo mpya, ashindane upya kuanzia sifuri, na ielezwe kwa sentensi moja tu mwanzoni mwa kipindi kwa nini amerudi.

Kuhusu mwamuzi, tazameni Countdown ya Uingereza, kipindi ambacho ndicho kilichofungua matangazo ya Channel 4 tarehe 2 Novemba 1982. Washiriki wake hupewa herufi tisa na sekunde 30 za kuunda neno refu kadiri wawezavyo, na ndani ya studio kuna kona ya kamusi, ambapo mtaalamu wa msamiati hukaa na kamusi yake na kusema hapohapo neno linakubalika au halikubaliki. Mchezo wenu una jibu moja, kwa hiyo hamuhitaji kona nzima. Mtu mmoja aliyekaa pembeni, ambaye hakutunga hata fumbo moja, mwenye mamlaka ya kusimamisha kurekodi, angetosha. Angekuwepo siku ile, pahali lingekubaliwa na hakuna mtu nyumbani ambaye angejua kwamba palikuwa na hatari.

Nimalizie na jambo nililolisahau. Kule kwenye Wheel of Fortune waandaaji waligundua kwamba katika duru ya mwisho karibu kila mshiriki alikuwa akichagua herufi zilezile, R, S, T, L, N na E. Mwaka 1988 wakaamua kumpa kila mtu herufi hizo sita bure, kisha aongeze konsonanti tatu na irabu moja za kwake. Hawakuzuia tabia ya wachezaji. Waliihesabu ndani ya mchezo. Ninyi toeni A bure katika kila ubao, kisha mtunge mafumbo ambayo bado yanasumbua A ikiwa wazi. Methali ya haraka haraka itabidi istaafu.

Mtunga Mafumbo (mtoa mada)

MREJESHO. Jana tulikaa kikao kirefu. Mwendesha kipindi anabaki, lakini mazungumzo ya ufunguzi yamepunguzwa yawe dakika mbili. Pendekezo la kurahisisha mafumbo yote limekataliwa. A itakuwa bure kuanzia msimu ujao, kwa kuwa vipindi vitatu vilivyokwisha kurekodiwa haviwezi kuguswa.

Kabla ya kikao niliwaita watu wanne wasiohusika na kipindi, nikawapa mafumbo 40 ya msimu ujao kwenye karatasi, yakiwa yamefunuliwa nusu, nikawaomba waandike kila neno linaloingia na si lile wanalodhani nililikusudia. Mafumbo saba yalipata jibu la pili. Moja lilikuwa la kwangu, lenye dokezo "Kiungo cha mwili" na vigae __O_O: mimi nilikuwa nimeandika MKONO, wao wakaandika MDOMO, tena wawili kati ya wanne. Nimeyaondoa yote saba.

Mshiriki wetu amepigiwa simu na amekubali kurudi. Ameweka sharti moja, kwamba dokezo lolote atakalopewa lisiwe "Sehemu", na mkurugenzi wetu amelikubali kwa maandishi.