Windows 10 imekatiwa msaada: nilipie, nilazimishe 11, nihamie Linux au niuze mashine?

Saiba_MwembeTayari

Asalaam aleikum wakuu. Nina saiba ndogo (duka la kompyuta na intaneti) hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Mashine za wateja zote ni HP EliteBook 840 G3 za ex-UK, RAM gigabaiti 8, SSD 256. Zinakimbia vizuri, sina ugomvi nazo. Tatizo mnalijua: Microsoft waliacha kuisasisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa kwa kuwa prosesa zake ni za kizazi cha 6, na wao wanaanzia cha 8.

Kazi zetu ni eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), iTax (ya kodi), CV, barua, kuskani vitambulisho, kadi za harusi na kutoa kopi. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ati nilipie mwaka wa ziada wa apdeti, mwengine nilazimishe 11 kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuinstoli), mwengine Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, mwengine ChromeOS Flex, mfumo wa Google, na jirani yangu asema niziuze zote nichukue G5, yaani 840 za baadaye. Pesa ya kununua zote upya sina, niliseme hilo mapema. Nyinyi mngefanyaje?

FundiTudor

Wa aleikum salaam kaka. Nianze na G5 kwa kuwa ndiyo fupi. 840 G5 nyingi zina prosesa za kizazi cha 8, na hizo Windows 11 inaingia bila hila. Ukipata mtu wa kubadilishana naye ukaongeza kidogo, chukua moja iwe yako ya kaunta. Kagua hinji na matundu ya USB kabla hujatoa pesa, hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. G4 usiichukue kwa ajili hii. Ni kizazi cha 7 na inakataliwa vile vile, ila kuna wanaoinadi kuwa "inakubali 11" kumbe wameilazimisha.

Kulazimisha kwenyewe kunawezekana. Rufus inatengeneza flashi isiyokagua TPM (chipu ya usalama) wala prosesa, na G3 itakwenda, kwa sababu prosesa yake ina maelekezo yaitwayo SSE4.2 ambayo Windows 11 tangu toleo la 24H2 haiwaki bila hayo. Zile Core 2 Duo za zamani ndizo zinazogoma kabisa. Apdeti za kila mwezi kwa kawaida zinaingia. Toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, itabidi ulipandishe kwa mkono, mashine moja moja. Na Microsoft wameandika wazi kwamba mashine kama hiyo haina haki ya kudai masasisho. Kwa laptopu ya mtoto nyumbani, sawa. Kwa saiba, mimi singefanya.

Lakini niulize jambo kabla hatujaendelea. Hiyo Windows 10 yako ni halali?

Saiba_MwembeTayari

Ilikuja na mashine. Muuzaji ndiye aliyeiweka, pamoja na Office.

FundiTudor

Basi hapo ndipo penye shimo, wala si Oktoba 2025. Windows isiyo halali huamshwa kwa programu ziitwazo aktiveta, na nyingi hukuambia uzime Defender, antivairasi ya Windows, kwanza, halafu uiendeshe kama administreta. Yaani mgeni usiyemjua anakwambia mfukuze mlinzi nami unipe ufunguo wa ghala, nawe unampa. Ikishaingia inabaki humo na inajiamsha kila baada ya muda, kwa sababu inaidanganya Windows kwamba kuna seva ya kampuni inayotoa leseni. Nyengine zinafanya hilo tu. Nyengine zina abiria ndani, wanaochota paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Wewe huwezi kuzitofautisha kwa macho, na mimi pia siwezi.

Jambo ambalo wengi hapa mjini hawalijui: EliteBook nyingi za wakati huo zilitoka kiwandani na leseni ya Windows 10 Pro ndani ya BIOS (programu iliyomo kwenye ubao wa mashine). Muuzaji anaformati, anakraki kwa mazoea tu, kumbe leseni ipo. Pakua Media Creation Tool kutoka kwa Microsoft wenyewe, uinstoli upya ukiwa na intaneti, uone kama itajiamsha bila kuuliza kitu. Ikijiamsha, una Windows halali na umepata haki ya kuzungumzia apdeti za kulipia.

AbuNyali

Mbona mnamtisha bwana wa watu. Defender ya Windows 10 Microsoft wamesema itaendelea kupata taarifa za virusi mpaka Oktoba 2028. Na zile apdeti za ziada ni dola 30, kama shilingi 3,900 hivi, leseni moja inafunika mpaka mashine 10, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hata bure inapatikana ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe OneDrive, au ukiwa na pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Lipa, kazi iendelee.

Binti_Bondeni

Kaka Abu, hiyo ya dola 30 ni ya mtu binafsi na mashine yake ya nyumbani. Saiba ni biashara. Bei ya biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inakuwa maradufu, wa tatu maradufu tena, kisha basi. Kwa G3, pesa hiyo bora uiweke kwenye mashine nyengine. Sisi wa shule tumependelewa, dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, ndiyo maana maabara yetu bado iko kwenye 10.

Kuhusu Defender: inamtambua mwizi ambaye picha yake imeshabandikwa kituoni. Haizibi dirisha. Virusi vya WannaCry vilipolipuka Mei 2017, kiraka (apdeti ya kuziba tundu lile) kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na wengine walikuwa na antivairasi.

Pweza_Likoni

Linux Mint, mjadala umekwisha 😂 Bure, haina virusi, haina aktiveta, inaruka kwenye RAM ya 4 sembuse 8. Mint 22 ina msaada mpaka 2029. Apdeti unachagua saa ya kuziweka, si ile mteja ana dakika kumi fomu ifungwe na mashine inamwambia "usizime".

Binti_Bondeni

Mdogo wangu, hiyo "haina virusi" itoe. Machi 2024 ilipatikana mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, tena kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde akataka kujua kwa nini. Aliyeupachika alikuwa amejenga uaminifu kwenye mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili. Bahati matoleo yale, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamefika kwenye Linux za majaribio na zile zinazosasishwa kila siku tu, Mint haikuguswa.

Ninaipenda Mint, ninaitumia. Ila uipende kwa sababu za kweli: programu zinatoka kwenye ghala moja linalokaguliwa, apdeti moja inasasisha kila kitu mpaka brauza, na hakuna mteja atakayeleta faili la .exe kwenye flashi likafunguka kwa bahati mbaya.

MamaHarusi_Kongowea

Samahanini wanangu, mimi nauliza la kadi. Kadi zangu zote za harusi na za arubaini nimezitengeneza kwa Publisher, miaka na miaka. Hiyo Mint itazifungua?

Pweza_Likoni

Shikamoo mama. Draw ya LibreOffice (mbadala wa bure wa Office) inafungua faili za .pub lakini maandishi yanahama na fremu zinapishana. Kadi ya kawaida utairekebisha, ile yenye maua pembe nne na Kiarabu juu utalia.

FundiTudor

Mama, Publisher yenyewe Microsoft wanaiua Oktoba 2026. Hata ukibaki Windows, usizitegemee zile .pub. Anza sasa kuzitoa PDF, na zile unazozirudia kila wikendi zijenge upya kwenye Canva au Scribus au hata Word. Usingoje msimu wa harusi.

MamaHarusi_Kongowea

Marahaba mwanangu Pweza. Hiyo Oktoba hakuna aliyeniambia. Haya.

Wakala_Kilindini

Mimi ni wakala wa kuondoa mizigo, kompyuta nazitumia tu, lakini sisi watu wa bandari tuna kisa chetu. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilipita kwenye programu ya hesabu za kodi ya Ukraine iitwayo M.E.Doc, ikaingia kampuni ya meli ya Maersk, na meli zikabaki baharini bila mtu kujua kontena lipi liko wapi. Mwenyekiti wao alisema kwenye mkutano wa Davos mwaka uliofuata kwamba iliwabidi wainstoli upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Hasara walitaja hadi dola milioni 300. Na kilichowaokoa ni nakala moja ya seva ya utambulisho iliyobaki salama katika ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umepotea kule wakati virusi vinapita! Sisi umeme ukikatika tunalaani.

Ninalotaka kusema ni kwamba NotPetya iliangusha hata mashine zilizokuwa na viraka vyote. Ilikuwa ikichota paswadi za administreta kwenye memori ya mashine moja, halafu inazitumia kuingia kwa jirani. Sasa nikiingia saiba nyingi hapa mjini, mteja anakalishwa kwenye akaunti ya administreta, isiyo na paswadi. Iwe Windows 10, 11 au hiyo Linux yenu, hapo mnashindana rangi ya mlango.

Saiba_MwembeTayari

Kaka Wakala, hiyo ni yangu kabisa 😅 Ngoja niulize: na Flex je? Kuna aliyeitumia kwa wateja?

Binti_Bondeni

Mimi, kwenye maktaba ya shule. Flex ni ya Google, bure, imetoka rasmi 2022 baada ya wao kuinunua Neverware iliyokuwa na CloudReady. Inataka RAM 4 na hifadhi 16 tu. Usitarajie programu za Android, haina. Usitarajie Word wala Photoshop, ni brauza tu. Na haina ile chipu ya usalama ya Google iliyomo kwenye Chromebook halisi, kwa hivyo si ngome kama wanavyodhani wengi.

Lakini kwa saiba ina kitu kimoja ambacho kwangu kinashinda vyote: hali ya mgeni. Mteja anaketi, anaingia eCitizen au iTax, anamaliza, anatoka, na kila alichoacha kinafutika. Paswadi, faili, historia, vyote. Fungua sasa hivi folda ya Downloads kwenye mashine yako yoyote, kaka. Utakuta vitambulisho, hati za mashamba, vyeti vya kuzaliwa na picha za pasipoti za watu waliopita mwaka jana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwenye saiba ndiye atakayeulizwa, si Microsoft. Mdukuzi wa nini, wakati mteja anayefuata anaweza kukopi folda nzima kwenye flashi yake?

AbuNyali

Hilo la Downloads nimekubali, sina jibu. Lakini intaneti ikikatika Flex inakuwa sinia.

Binti_Bondeni

Karibu hivyo. Kuandika kwenye Google Docs bila mtandao kunawezekana ukishapanga mapema, lakini si kwenye hali ya mgeni. Ndiyo maana sisemi zote ziwe Flex.

Pweza_Likoni

Na Mac hakuna anayeitaja?

FundiTudor

Kwa saiba? MacBook Air ya 2017 ambayo wengi wanauziwa imegota kwenye Monterey, toleo la zamani la mfumo wa Mac. Za M1 kuja juu ni nzuri, lakini bei yake unanunua G5 na chenji inabaki. Tupite.

Saiba_MwembeTayari

Haya, naona njia. Za wateja wa fomu naziweka Flex, hali ya mgeni. Mbili naziweka Mint kwa watu wa CV na barua. Ya kaunta naitafutia G5 yenye Windows 11 halali, hapo ndipo Office na kadi zitakapokaa, na hakuna mteja atakayeigusa. Swali moja: CV ikiandikwa Mint, mtu akaenda kuifungua Word ya ofisini, haitavurugika?

Pweza_Likoni

Yakhe, mvurugiko mwingi unatokana na fonti. Weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria, upana wa herufi ni ule ule, mistari haihami. Liberation inashika nafasi ya Arial na Times New Roman, na huja na LibreOffice. Hifadhi kama .docx, na umtolee mteja PDF pia, mwajiri afungue hiyo.

Wakala_Kilindini

Na faili za kodi za Excel zenye makro zifungulie kaunta. LibreOffice haielewani na kila makro.

FundiTudor

Kabla hujafuta chochote, kaka: printa yako ni modeli gani, na skana? HP nyingi zinakubali Mint kwa HPLIP (dreva za HP za Linux) bila shida. Baadhi ya leza ndogo za Canon zinataka dreva ya kutafutwa pembeni. Washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuinstoli, chomeka printa, toa ukurasa mmoja, kisha skani kitambulisho chako mwenyewe. Flex pia inawaka kutoka kwenye flashi, jaribu vivyo hivyo, tena ukiwa ndani ya hali ya mgeni. Uandike hapa kilichogoma.

Saiba_MwembeTayari

Skana ni ya Epson, printa ni Canon 😬 Leo baada ya Isha nikifunga duka nitajaribu.