Mjadala: Kwa nini barabara ikikosa nafasi, msitu ndio wa kwanza kukatwa?

Wanajamvi, naleta hoja. Mwaka 2024 palitokea pendekezo la kumega takriban ekari 51 za Msitu wa Karura, Nairobi, ili Barabara ya Kiambu ipanuliwe. Green Belt Movement, shirika la mazingira aliloanzisha Wangari Maathai, wakaenda kortini, na mitaani watu wakagawanyika: huyu wa miti, yule wa foleni.

Karura ni hekta 1,041 hivi, kwa hiyo kipande hicho ni kama asilimia mbili. Utasema ni kidogo. Siku hizi nani atathubutu kuuomba msitu mzima? Waliogawiana viwanja humo miaka ya 1990 walikutana na Wangari Maathai na wenzake, na Januari 8, 1999 mama yule akapasuliwa kichwa akiwa amekwenda kupanda mti tu. Kabla ya hapo, 1989, ulikuwa mpango wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi. Kelele zikapigwa, wafadhili wakajitoa, likafa. Mnara wa ghorofa 60 kila mtu anauona. Barabara, maegesho, mkahawa, choo cha wageni: hivyo huja kimoja kimoja, kila kimoja na sababu yake nzuri.

Na nyinyi mnaosema "tutapanda mingine", ingieni Karura mkautazame muhugu. Ndio ule mti mgumu ambao wachongaji wa vinyago wanausaka. Hukua polepole mno, kiasi kwamba mche utakaopandwa leo ni wajukuu watakaouona umekomaa. Kuna pia mbega, wale kima weusi kwa weupe, waliorudishwa msituni humo. Mbega hupita juu, tawi kwa tawi. Ile ahadi ya serikali ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 ni njema, ila mbega hapiti juu ya miche ya kwenye vikopo.

Leteni maoni, bila matusi.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu, heshima kwako, lakini inaonekana huishi upande wetu. Asubuhi kati ya Ridgeways na Muthaiga matatu husimama hadi makanga akashuka, akanunua njugu, akarudi akatukuta palepale. Halafu huo msitu ni wa nani? Wenye mbwa na baiskeli wanalipa kiingilio wanaingia. Kwa mtu wa kijiji cha Huruma, aliyepakana nao ukuta kwa ukuta, hela hiyo ni unga wa jioni. Mnalinda msitu au uwanja wa mazoezi wa wenye nacho?

Mchangiaji wa tatu:
Thika Road ina leni nane na Githurai bado tunakwama. Nimemaliza.

Mwanzilishi wa mada:
Ndugu wa Barabara ya Kiambu, la kiingilio tuko pamoja. Mtaa uliopakana na msitu uingie bure, hata kesho, na hilo halihitaji kukata mti hata mmoja. Ukimfungia jirani lango, siku msumeno ukija usimtafute akusaidie kupiga kelele.

Foleni nayo siikatai, naijua. Lakini jiulize: barabara ina pande mbili. Upande wa pili kuna nyumba za watu, biashara, hata uwanja wa gofu. Kule ukigusa ua wa mtu, kesho una wakili mlangoni na mthamini wa ardhi anahesabu hadi michongoma. Muhugu haudai fidia. Ndiyo maana kila ramani ikichorwa, mstari huinamia msituni. Southern Bypass, ile barabara ya kuzunguka jiji kwa kusini, nayo ilipita katika Msitu wa Ngong Road. Mhandisi anaandika gharama ya ardhi ni sifuri, na mradi unaonekana nafuu kwa sababu umma ndio uliolipa, bila kuulizwa.

Sheria ya misitu ya 2016 imeweka utaratibu: mpaka wa msitu wa umma ukibadilishwa, ombi lifike Bungeni, hoja zisikilizwe. Nasema utaratibu huo ufuatwe hata kwa ekari moja, na leseni ya matumizi maalumu, inayoruhusu ujenzi ndani ya msitu bila kubadili mpaka, isigeuzwe njia ya mkato. Na kabla ya hapo, zitolewe hesabu mbili mezani, ya kupanua upande wa msitu na ya kupanua upande wa pili, thamani ya msitu ikiwemo. Aliyewahi kuona hesabu ya pili aiweke hapa tuijadili.