Naomba ushauri: kubaki hosteli ya chuo au kupanga geto?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaoyajua maisha ya chuo Dar: mwaka wa pili, hosteli au geto, yaani chumba cha kupanga mtaani?

Hosteli bei ni nafuu, maji na umeme humohumo, darasani ni mguu tu. Shida ni kupika. Jiko la koili la wati 1,000 linavuta zaidi ya ampea 4. Matatu yakichomekwa pamoja na pasi kwenye laini moja, swichi inajizima na korido nzima inabaki giza. Ukikamatwa, jiko linakwenda. Halafu kubebana: kitanda kimoja chembamba, watu wawili, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, imekaribia!

Geto unapika utakavyo, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, wakati boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, linakuja kwa awamu. Na Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya kuchangia ndiyo ugomvi wenyewe, maana mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa.

Je, wenye nyumba wa miezi 3 wanapatikana? Submita, ile mita ndogo ya kupima umeme wa chumba kimoja, anagharamia nani, mpangaji au mwenye nyumba? Na mtungi wa gesi wa kilo 6, watu wawili wakipika maharage mara mbili kwa wiki, unakaa muda gani?